Albamu za kisa kimoja: ni ufundi wa msanii, au wahakiki ndio wanaotuuzia?

Mwana_Kibokoni
Salamu wadau. Nina neno na najua litaniletea maneno.

Kila orodha ya "albamu bora za hip-hop" nikiifungua nakuta zile zinazosimulia kisa kimoja mwanzo hadi mwisho. good kid, m.A.A.d city ya Kendrick Lamar (2012) imo. undun ya The Roots (2011) imo. A Prince Among Thieves ya Prince Paul (1999) imo, na naapa hapa Mombasa walioisikiliza yote hawajazi tuktuk moja. Sasa nauliza: hizi albamu ni bora kweli, ama ni rahisi tu kuziandikia? Mhakiki yuwapewa siku mbili alete kurasa. Biti hajui kuieleza. Besi hajui kuieleza. Vile mtu abanavyo pumzi kabla ya kuuangusha mshororo, hajui kuvieleza. Lakini kisa? Kisa kila mtu yuwaweza kukisimulia. "Kijana achukua gari la mamake, aenda kwa msichana..." basi ukurasa ushajaa.

Illmatic ya Nas (1994) haina kisa. Ina mtaa tu, na hadi leo hakuna aliyeigusa.

Msee_wa_Changa
Mtu akikosa kuelewa kitu anasema wahakiki wamemdanganya 😂😂

DJ_Baharini
Namuunga mkono Mwana Kibokoni, ila sababu yangu ni nyingine. Mimi hupanga miziki ya matatu za Mtwapa. Ile ya Kendrick nilipoipata nilikata sauti zote za mama na baba, nikabakisha ngoma. Abiria akisikia mama analalamikia gari lake ndani ya spika, anatoa simu mfukoni akidhani ni yake. Backseat Freestyle ikilia pale Bombolulu hakuna anayeuliza hii ni sura ya ngapi ya hadithi.

Mtaalamu_wa_Tudor
DJ ulichofanya ni jinai.

Kwa wasioijua: ngoma ya kwanza Kendrick yuko njiani kwa Sherane na gari la mamake. Anafika, anaona vijana wawili wenye hudi nyeusi, simu inalia, ni mama. Kisa kinakatwa papo hapo. Kinakuja kuungwa mwishoni mwa Poetic Justice, ngoma kadhaa baadaye. Katikati unarudishwa nyuma, Kendrick na wenzake wakizurura. Hiyo Backseat Freestyle unayowapigia watu ni kijana mdogo anajigamba na wenzake kwenye kiti cha nyuma. Ukiitoa mle ndani kinachobaki ni majigambo matupu. Halafu mwisho wa Compton, ngoma ya kufungia, anamwambia mama anachukua gari dakika 15 tu, na unasikia kanda ikirudishwa nyuma. Yaani ukimaliza, uko tayari kuanza upya. Na jalada limeandikwa wazi kwamba ni filamu fupi. Hapo mhakiki amebuni nini?

DJ_Baharini
Filamu nenda sinema. Matatu si sinema.

Dada_wa_Bombolulu
Mimi ndiye yule abiria wa Mtwapa. DJ, hata hizo ngoma zenyewe hatuzisikii, tunasikia besi peke yake.

Nahodha (msimamizi)
Matusi hapana. Mama ya mtu asitajwe, isipokuwa mama Kendrick.

Mzee_wa_Kanda
Vijana, niingilie kidogo. Mimi niliuza kanda Mwembe Tayari miaka ya tisini, kabla ya sidii kutufilisi. Albamu ya Marekani ikifika, mara nyingi kwa mkono wa baharia, tulikuwa tunainakili kwenye kanda ya dakika 60. Sasa hesabuni wenyewe. Raekwon na ile Only Built 4 Cuban Linx ya 1995, ambayo aliipanga kama filamu ya majambazi, inazidi saa nzima. Lauryn Hill na Miseducation (1998) inazidi saa. Ilibidi kitu kitoke. Mimi nilikuwa natoa maongezi kwanza, na kama bado haienei natoa ngoma za mwisho. Kuna kizazi kizima cha Mombasa kilichomjua Lauryn bila darasa lake, yale mazungumzo ya watoto na mwalimu kuhusu mapenzi. Hakuna mteja hata mmoja aliyerudisha kanda.

Msee_wa_Changa
Mzee kwani kanda za dakika 90 hazikuwepo?

Mzee_wa_Kanda
Zilikuwepo, ghali. Na utepe wake ni mwembamba, deki ilikuwa inautafuna. Ukipata moja ulikuwa unaiwekea taarab, siyo hawa.

Mtaalamu_wa_Tudor
Mzee kwa heshima zote, wewe na DJ ndio mmeua sanaa katika mji huu. Yule mwalimu darasani kwa Lauryn ni Ras Baraka, mwanasiasa ambaye tangu 2014 ni meya wa Newark. Ulikuwa ukimkata meya.

Mzee_wa_Kanda
Wakati huo hakuwa meya. Alikuwa dakika tatu.

Bi_Mwalimu
Nafundisha Kiswahili sekondari, upande wa Kisauni, na nimekuwa nikiwasoma kimya. Naona mnagombania kisa, nami nadhani kisa siyo hoja.

Tazameni utenzi. Ubeti una vipande vinne. Vitatu vya kwanza vina kina chao, na ubeti ukibadilika nacho hubadilika. Cha nne kina kina cha bahari, na bahari haibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mwana Kupona alipomtungia bintiye mwaka 1858, hakusimulia kisa chochote. Anausia dini, anausia namna ya kuishi na mume, anaingia kwenye dua. Lakini ile "-ia" inakupokea kila mwisho wa ubeti, na ndiyo inayokuambia kwamba bado uko ndani ya kitu kimoja.

Sasa sikilizeni To Pimp a Butterfly ya Kendrick (2015). Kuna shairi linasomwa katikati ya ngoma, na kila likirudi limeongezewa mistari. Linakuja kusomwa lote kwenye ngoma ya mwisho, na hapo ndipo unagundua kwamba anayesomewa ni Tupac, ambaye sauti yake imetolewa kwenye mahojiano ya 1994. Hakuna gari, hakuna Sherane. Bahari ipo. Kwangu mimi albamu yenye bahari ndiyo inayohesabika, iwe na kisa isiwe nacho. Na Illmatic, ndugu yangu wa Kibokoni, bahari yake ni huo mtaa unaousema. Umejijibu mwenyewe.

Msee_wa_Changa
Mwalimu hii usiitoe kwenye mtihani please, kuna watoto hapa

Mwana_Kibokoni
Bi Mwalimu nimekusikia, lakini umenipa silaha. Utenzi wa Mwana Kupona watu waliuhifadhi moyoni. Nani aliupa nyota nne na nusu? Hapa Mvita hatukuwa na wahakiki. Mshairi wetu Muyaka akitunga, aliyechukia alimjibu kwa shairi, tena kwa mizani na vina vilevile, na mji ukaamua. Mtu hukosoa kwa kile anachokiweza. Huyu Fantano, mhakiki wa kwenye YouTube, na shati lake la njano ametunga nini?

Mtaalamu_wa_Tudor
Muyaka tunamjua leo kwa sababu ya watu wasiokuwa yeye. Mashairi yake aliyakusanya Mwalimu Sikujua, akishirikiana na mmishonari Taylor, miaka mingi baada ya Muyaka kufa. Kisha 1979 akaja Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu kizima cha kueleza beti hizo zilimlenga nani na kulikuwa na vita gani. Bila wao ungekuwa na mafumbo matupu. Mwenye kufafanua naye ni mhakiki, bwana.

Mwana_Kibokoni
Kufafanua sawa. Kutoa alama ndiko nisikokutaka. Mwayachanganya.

Dada_wa_Bombolulu
Hapo ndipo kwenyewe, na nashangaa hakuna anayesema. Hebu tuwe wakweli. Kile Kiingereza cha Compton, kwao Kendrick, nani kati yetu alikishika kwa sikio mara ya kwanza? Mimi nilijua kuna kisa kwa sababu nilisoma mahali kwamba kuna kisa. Nilipoisikiliza tena nikaanza kukiona. Kwa Mmarekani mhakiki ni hakimu. Kwetu ni mkalimani, na mkalimani akikuambia "hapa mzungumzaji amesema jambo kubwa" utabishaje? Ndiyo maana zinazotufikia ni zile zenye kisa, kwa sababu kisa kinatafsirika. Vina havitafsiriki. MF DOOM na Madvillainy (2004) watu hapa wanaipenda kwa kinyago.

Msee_wa_Changa
Sema kwa niaba yako dada. Mimi DOOM nashika kila mstari

Dada_wa_Bombolulu
Taja mmoja.

Msee_wa_Changa
Data imeisha nakuja

Mtanga_Halisi
Habari za Mombasa, jirani yenu nimevuka mpaka. Hoja ya dada ni nzito, basi tupime kwa lugha yetu. Ndio Mzee ya Professor Jay, kwenye Machozi, Jasho na Damu ya 2001. Mgombea anamwaga ahadi, wananchi wanaitikia "ndio mzee". Ngoma moja tu, lakini ina mhusika, ina hadhira, ina kejeli, na hakuna aliyehitaji kusomewa. Sisi tunafunga kisa ndani ya ngoma moja. Zali la Mentali vilevile, yeye na Juma Nature. Kwa nini tupoteze ngoma kumi na mbili kusema kitu kinachotosha dakika tano?

Mwana_Kibokoni
Na kisha msimuliaji mwenyewe akawa mbunge wa Mikumi 2015 😂 Hiyo ndiyo albamu ya kisa, imechukua miaka kumi na minne.

Mtanga_Halisi
Kwa tiketi ya upinzani lakini. Usiiharibu hadithi.

Shekhe_Biti
Nitasema kama mtu wa studio, maana naona mnaongea kama albamu inaanguka kutoka mbinguni.

Hapa Pwani mteja analipia ngoma moja moja. Anakuja na pesa ya ngoma moja, anarekodi, anakwenda kuihangaikia redioni, akirudi ni miezi imepita na sauti yenyewe imebadilika. Utamwambia nini kuhusu kisa? Nilikuwa na kijana wa Likoni, kichwa hasa. Alikuwa na mpango wa ngoma tisa, zote zinatokea ndani ya feri moja, safari moja ya kuvuka. Kila ngoma ni abiria mmoja: mama wa samaki, askari, mwanafunzi aliyechelewa, mtu wa mkokoteni, na wa mwisho ni yule aliyebaki ng'ambo akaikosa feri. Tulirekodi tatu. Mtangazaji mmoja wa redio akachagua ile ya mwanafunzi kwa sababu ina kiitikio cha mapenzi. Ikapendwa. Sasa kijana anaitwa harusini kuimba mapenzi. Abiria sita waliobaki wako kwenye daftari.

Kwa hiyo mimi sioni kwamba wahakiki wanapendelea albamu za kisa. Naona kwamba albamu ya kisa ni ya mtu aliyelipiwa studio mwaka mzima. Mhakiki anasifia bajeti bila kujua.

DJ_Baharini
Hiyo ya mkokoteni ilirekodiwa? Nitumie.

Shekhe_Biti
Utakata maongezi?

DJ_Baharini
Inategemea yana urefu gani.

Mtaalamu_wa_Tudor
Shekhe Biti, hoja ya bajeti inavuja mahali. Deltron 3030 ilitoka 2000, hadithi nzima ya mwaka 3030, na haikuwa kazi ya mabilionea. Masta Ace alitoa Disposable Arts 2001, kijana anatoka jela anaingia chuo, kisha 2004 akatoa A Long Hot Summer inayosimulia yaliyotokea kabla. Ni watu wa soko dogo. Mara nyingi kisa ni silaha ya asiye na ngoma ya klabu.

Shekhe_Biti
Soko dogo la Marekani, kaka. Usilete soko dogo la Marekani Magongo.

Salim_Mpiga_Zumari
Nimechelewa. Kuhusu alama: albamu moja ya Kanye ya 2010, My Beautiful Dark Twisted Fantasy, tovuti ya uhakiki ya Pitchfork waliipa 10 kamili, Fantano akaipa 5. Masikio ni yale yale mawili. Hapo alama ina maana gani?

Mtaalamu_wa_Tudor
Ilikuwa 6, si 5.

Salim_Mpiga_Zumari
Afadhali basi, tofauti ni nne tu 😂 Na hao Pitchfork si walishafungwa?

Mtaalamu_wa_Tudor
Hawakufungwa. Januari 2024 waliunganishwa chini ya GQ, jarida la wanaume la mavazi, na wafanyakazi kadhaa wakapunguzwa. Bado wanaandika.

Mwana_Kibokoni
Yaani mhakiki wa muziki sasa yuwakaa chumba kimoja na mhakiki wa soksi. Na jarida la The Source je? Mikrofoni tano, alama yao ya juu kabisa, walizompa Nas zilikuwa kitu cha kuogopwa. Kufika 2005 wakampa Lil' Kim tano zizo hizo kwa The Naked Truth na mtandao mzima ukacheka.

Dada_wa_Bombolulu
Ukacheka kwa sababu ni mbaya ama kwa sababu ni Kim? Nauliza tu.

Mwana_Kibokoni
Umeisikiliza?

Dada_wa_Bombolulu
Nimeisikiliza. Wewe?

Nahodha (msimamizi)
Turudi kwenye mada. Au tusirudi, lakini kwa upole.

Bi_Mwalimu
Swali la dada ni mada. Huyo "mji ukaamua" wa Mwana Kibokoni nao ulikuwa na watu wake wa kuamua, na wengine hawakuulizwa.

Kijana_wa_Buxton
Hakuna aliyegusa mashabiki. Mashabiki ndio wabunifu wakubwa wa visa. Kendrick alipotoa DAMN. Aprili 14, 2017, ilikuwa Ijumaa Kuu. Watu wakasema amekufa Ijumaa, atafufuka Jumapili ya Pasaka na albamu ya pili. Niliamka Jumapili mapema. Nikafungua simu. Hakuna kitu. Halafu wakazua kwamba ukiicheza kinyumenyume inakuwa hadithi nyingine. Watu wanatunga tu kisha wanampa msanii sifa.

Mtaalamu_wa_Tudor
Hiyo ya kinyumenyume si ya kuzua. Alikiri mwenyewe, na Desemba mwaka huohuo ikatoka rasmi toleo lenye ngoma 14 zilizopangwa kutoka ya mwisho kuja ya kwanza. Mwaka uliofuata ikapata Pulitzer, tuzo ambayo kwa upande wa muziki ilikuwa haijawahi kutoka nje ya klasiki na jazi.

Kijana_wa_Buxton
Desemba! Yaani miezi minane baada ya mashabiki kuisema. Nani alimfundisha nani?

Msee_wa_Changa
Nimerudi. Buxton ana point. Ukinipa albamu yoyote niicheze kinyumenyume nitakupatia kisa. Nipe hata ya Nyota Ndogo

Mtanga_Halisi
Nyota Ndogo mwacheni, yule anasimulia maisha yake mwenyewe, kinyume na mbele ni yale yale.

Salim_Mpiga_Zumari
Niongeze moja ambayo nadhani inamjibu mwenye uzi. De La Soul Is Dead ya 1991. Watoto wanaokota kanda kwenye pipa la taka, wengine wakubwa wanawanyang'anya, kisha albamu nzima wanaisikiliza huku wakiitukana: hii mbovu, hii nini, toa hii. Mwisho wanaitupa tena kwenye taka. Wahakiki wamewekwa ndani ya albamu yenyewe, na wao ndio wanaoishikilia pamoja. Ukiwatoa, unabaki na rundo la ngoma.

Mzee_wa_Kanda
Hao watoto ndio niliowakata 🙈

Bi_Mwalimu
Salim, hiyo sikuijua. Naitafuta leo.

Mwana_Kibokoni
Salim umenileta karibu lakini sijafika. Hao watoto ni watunzi walioigiza wahakiki. Ni Muyaka akijijibu mwenyewe. Mimi nazungumzia wa mshahara.

Kijana_wa_Buxton
Wa mshahara wako wapi kwetu lakini? Albamu ya Kilio cha Haki (2004), kundi la Ukoo Flani Mau Mau wamejaa Dandora kule Nairobi, na ndani mna vijana wetu wa Mombasa. Nionyesheni uhakiki mmoja wa maana wa wakati ule uliochambua ngoma kwa ngoma. Kaa La Moto ana albamu inaitwa Leso ya Mekatilili. Jina peke yake ni mada: leso, Mekatilili aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913. Ingekuwa ya Compton ungesoma kurasa kumi. Tunalia na wahakiki wa watu, wa kwetu hatuna wa kuwalilia.

Shekhe_Biti
Wapo. Wanaandika "ngoma kali" na alama ya moto.

Mtaalamu_wa_Tudor
Kilio cha Haki haina kisa lakini. Ni watu wengi, kila mmoja na lake.

Bi_Mwalimu
Bahari yake iko kwenye jina.

Mtaalamu_wa_Tudor
Mwalimu, kwa kipimo hicho hata kitabu cha simu kina bahari, kila mstari unaishia na nambari.

Bi_Mwalimu
Mizani haitoshi 😄

DJ_Baharini
Ninyi mnasahau hesabu. Mwisho wa 2014 Billboard, wale wapanga chati wa Marekani, walianza kuhesabu ngoma 1,500 zilizosikilizwa mtandaoni kuwa sawa na albamu moja iliyouzwa. Tangu hapo watu wanajaza ngoma ishirini, thelathini. Siyo kisa, ni mtego wa kubonyezwa. Anayetaka kisa chenye nidhamu siku hizi anapoteza pesa kwa makusudi.

Salim_Mpiga_Zumari
undun haifiki hata dakika 40 na inaanza na mhusika amekufa, inarudi nyuma hadi alipokuwa hai. Ingetoka leo mtu angesikiliza ngoma mbili angedhani imeisha.

Msee_wa_Changa
Sasa ile ya 2004 ya The Streets wa Uingereza mnaihesabu? Jamaa anapoteza pauni elfu moja, albamu nzima anazitafuta, kumbe ziko nyuma ya TV

Mtaalamu_wa_Tudor
Umeharibia watu mwisho.

Msee_wa_Changa
Imetoka 2004 buda

Mwana_Kibokoni
Ile si hip-hop. Yule yuwaongea tu.

Salim_Mpiga_Zumari
Hebu. "Yuwaongea tu" ndilo neno lile lile wazee walilisema kuhusu hip-hop yote.

Mwana_Kibokoni
Fungua uzi wako wa Waingereza, nitakuja. Huku bado nasubiri mtu anitajie albamu moja ya kisa ambayo mnaisikiliza kwa raha, si kwa heshima.

Dada_wa_Bombolulu
A Prince Among Thieves. Big Daddy Kane, Kool Keith, Chris Rock, wote wamo ndani wanaigiza. Nacheka nayo nikiosha vyombo. Nihesabu kwenye tuktuk yako.

Mzee_wa_Kanda
Hiyo ilinipita, biashara ilikuwa ishakufa. Mtu ananiwekea kwenye kanda? Deki bado ninayo ila mpira wa ndani umekatika. Nani anajua fundi asiyeniambia nikanunue spika ya bluetooth?

DJ_Baharini
Kuna mmoja Mwembe Kuku, nyuma ya duka la baiskeli. Nenda asubuhi, mchana hayupo. Mwambie ni mpira bapa siyo wa duara, la sivyo atakufungia wa cherehani.